Karani na Kompyuta Yenye Milango Miwili

Kabla hajaigusa kompyuta yako, Karani alikuandikisha taarifa. Alikuketisha kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwake, akatoa karatasi ya fulskepu, akaandika tarehe upande wa kulia, kisha akakuuliza swali aliloliuliza kila mtu: ulifanya nini mara ya mwisho kabla haijaharibika? Watu walimjia kutoka mjini Migori, wengine kutoka Kehancha na Isebania kule mpakani, mashine zao zikiwa zimefungwa kwenye shuka au mifuko ya sukari, na karibu wote walijibu kwamba hawakufanya chochote. Naye aliandika hivyo hivyo, bila kuinua macho: "Mlalamikaji anasema hakufanya chochote." Halafu alikupa kalamu utie sahihi.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na alipostaafu yeye, kazi ilikataa kustaafu. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na mmoja, mimi nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari iliyo karibu. Alivaa tai hata siku ya kufua nguo. Alifungua lango saa mbili kamili asubuhi na kulifunga saa saba kwa chakula cha mchana, na ukigonga saa saba na dakika tano ulimwona kupitia dirishani akila ugali na omena huku akikutazama, bila chuki yoyote, mpaka saa nane.

Kompyuta alijifunza akiwa amebakisha miaka michache kazini. Mashine zililetwa masjalani, vijana waliopelekwa kufundishwa wakahamishwa wote kwenda vituo vingine, na ikaonekana kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyesoma kile kijitabu kilichokuja ndani ya sanduku. Hilo lilimfanya aamini jambo moja ambalo hakuliacha: kwamba matatizo mengi ya dunia yameshaandikwa mahali fulani, kwa herufi za kutosha, na hakuna anayesoma.

"Haifanyi kazi si taarifa," alizoea kusema. "Hayo ni malalamiko. Niambie imekuandikia nini."

Siku moja mfanyabiashara wa Isebania alifika akiwa na kompyuta kubwa ya mezani, kaibeba nyuma ya pikipiki, akasema imekufa. Karani alimuuliza ni nani aliyethibitisha kifo. Yule bwana hakupenda mzaha, lakini Karani hakuwa akifanya mzaha. Alimuandikisha taarifa kwa muda wa saa nzima: duka liko wapi, nani huiwasha, nani huizima, jana yake ilichapisha nini. Mwisho ikajulikana kwamba mpwa wake alikuwa amechomeka flashi ya nyimbo nyuma ya mashine na kuisahau, na kila ikiwashwa mashine ilijaribu kuamkia kwenye zile nyimbo, ikashindwa. Karani aliichomoa flashi, kompyuta ikaamka. Mfanyabiashara alilalamika kwamba amesafiri kutoka mpakani ili mtu achomoe kitu ambacho angekichomoa mwenyewe.

"Hukuja kuchomolewa," Karani alimwambia. "Umekuja kuulizwa."

Alipenda Linux. Kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ulivyo ule wa Windows uliozoeleka, ila huu watu wa dunia nzima wameuandika kwa kushirikiana na yeyote anaweza kuuchukua na kuugawa. Karani aliuhubiri pale mtaani kama wengine wanavyohubiri wokovu. Alikuwa na uwezo wa kusimama langoni nusu saa akikueleza kwamba maarifa ni mali ya wote na kwamba kumnyima jirani chombo ni dhambi. Mtu huyo huyo, katika miaka yote kumi na mmoja, hakuwahi kumuazima mtu bisibisi. Ukiomba, alikuja nayo mwenyewe, akafungua skrubu yako, akarudi nayo.

Wateja hakuwalazimisha waache walichozoea. Aligawa diski ya kompyuta sehemu mbili, Windows huku na Linux kule, na mashine hizo akaziita za milango miwili. Ukiwasha, kabla ya kitu chochote hutokea orodha fupi kwenye kioo ikikuuliza unataka kuingia upande gani. Ile programu ndogo inayouliza aliiita bawabu. Alisema bawabu akipotea haijalishi nyumba ina vyumba vingapi, wote mtalala nje.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likikaribia kuzama alifunika mashine zote kwa kitambaa cheupe. Ndiyo maana nakumbuka Jumamosi ile mchungaji wake alipokuja mbio langoni, kompyuta ya kanisa ikiwa chini ya koti, ibada ikiwa imebakisha dakika chache ianze na nyimbo zote zikiwa mle ndani. Karani alisimama mlangoni, mikono kaifunga nyuma, akasema leo hafanyi kazi, na mchungaji anajua hivyo. Kisha akasema kwamba hata hivyo Biblia haikatazi watu kuzungumza. Mchungaji akaketi kizingitini, akaifungua mashine, na Karani akazungumza. Alizungumza kuhusu kitufe kimoja, kisha kingine, na nini kinaweza kumpata mtu akivishikilia pamoja. Ilipoamka alimshukuru Mungu. Kwa maelezo yake hakuwa amefanya kazi. Aliyefanya kazi siku ya Sabato ni mchungaji, na hilo lilikuwa baina yake na Mola wake.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya parokiani, na yeye na Karani walikuwa marafiki, ingawa mmoja alisali Jumapili na mwingine aliona hilo ni kosa la kalenda. Karani ndiye aliyeweka milango miwili kwenye kompyuta yetu. Mume wangu alitumia upande wa Linux, mimi upande wa Windows kwa mitihani na ripoti za shule, na kwa jinsi tulivyozoea sikuwahi hata mara moja kuingia upande wake. Mle ndimo alimoziandika nyimbo zake, kila sauti na mistari yake ya do re mi. Nakala za karatasi zilikuwa kwenye kabati la parokia, na mchwa walikuwa wamezianza.

Alipofariki, tulirekodi video ya mazishi. Mwenye kamera aliniletea kazi yake miezi kumi na mmoja baadaye, na ilikuwa kubwa kupita kiasi, saa saba za hotuba. Kompyuta ikakataa kuipokea kwa sababu nafasi imejaa. Nikaanza kutafuta cha kutoa. Katika ukurasa unaoonyesha diski ilivyogawanywa, niliona sehemu kubwa isiyo na jina wala herufi, na kwa kuwa Windows haikunionyesha kitu ndani yake, nikadhani ni nafasi ya bure iliyofungiwa tu. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikaifuta, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya ili nianze kunakili.

Kioo kikabaki cheusi. Juu yake palikuwa na mstari wa kusema hakuna sehemu kama hiyo, na chini yake maneno mawili tu, grub rescue, ambayo baadaye nilijua ni bawabu akiomba kuokolewa, na kialama kinachopepesa kikisubiri niandike jambo nisilolijua.

Bado sikuelewa nilichokuwa nimefanya. Nilidhani tu mashine imezeeka. Baada ya wiki mbili tungekuwa na misa ya kumbukumbu ya mwaka, na kwaya ilikuwa imeniomba nyimbo zake ili waziimbe siku hiyo, nami nilikuwa nimewaahidi. Nikaenda kwa Karani. Akaniketisha kwenye kiti cha plastiki kama mtu yeyote.

"Ulifanya nini mara ya mwisho, Mwalimu?"

Nilimwambia sikufanya chochote. Mimi, niliyekuwa nikiwacheka wengine kwa jibu hilo. Aliandika, nikatia sahihi. Akachomeka flashi yake yenye Linux, akaiamsha kompyuta kwa kupitia hiyo, akasoma kioo kwa muda mrefu. Halafu akaigeuza mashine nione.

"Mashine imetoa ushahidi tofauti," akasema. "Inasema sehemu ya marehemu imefutwa, na imefutwa kutoka upande wako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimefuta kazi ya mume wangu ili nipate nafasi ya kuweka video ya mazishi yake. Karani alinisogezea ile karatasi na kalamu, akanionyesha pale panapoandikwa marekebisho ya taarifa. Wakati ule nilimwona katili. Siku hizi nadhani alijua kwamba mtu akiandika hawezi kulia vizuri. Niliandika yote, mpaka lile swali la kama nina hakika.

"Baada ya kufuta uliweka kitu? Hata picha moja?"

"Hapana. Iligoma kabla sijanakili."

"Basi imegoma kwa faida yako," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo.

Alinieleza kwamba kufuta sehemu ya diski ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura zote bado zimo, ila hakuna anayejua zinaanzia wapi, na zitabaki mpaka mtu aandike kitu kingine juu yake. Alikuwa na programu ya kupita diski nzima, kipande kwa kipande, ikitafuta mahali ambapo sehemu iliyopotea ilianzia. Ilichukua saa nyingi kwa sababu diski yetu ilikuwa ya zamani na yenye uchovu. Aliianza saa nne asubuhi. Saa sita, ikiwa imefika zaidi ya theluthi, stima ikapotea mtaa mzima.

Betri ya kompyuta ile ilikuwa na uhai wa dakika ishirini. Karani aliinyanyua mashine ikiwa wazi, akaibeba mbele yake kwa mikono miwili, akatoka nayo langoni. Nikamfuata na waya. Tulikatiza sokoni hivyo, mzee wa tai akitembea polepole macho yakiwa kwenye kioo, mimi nyuma nikiomba njia, na kina mama wa nyanya wakivuta mabeseni yao kutupisha kama tumebeba kitu kitakatifu. Dukani kwa fotokopi jenereta ilikuwa mbovu. Hotelini waliwasha yao kwa ajili ya friji tu. Nyingine iliyokuwa ikinguruma karibu ilikuwa moja, kwa seremala wa majeneza.

Ndiko tulikonunua la mume wangu.

Seremala alinitambua, akaja kunisalimia, akasikiliza shida yetu, akachomoa randa yake ya umeme ili atupe soketi. Hapakuwa na meza. Palikuwa na jeneza moja jipya, limepigwa vanishi ikakauka, juu ya vigoda viwili. Nilisita. Seremala aliona.

"Weka tu hapo, Mwalimu," akasema. "Hiyo bado haina mwenyewe."

Karani akaiweka juu ya kifuniko, akachomeka, akavuta kipande cha mbao na kuketi. Betri ilikuwa imebakisha dakika nne. Tulikaa pale mchana wote katika harufu ya vanishi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, saa saba ilipita bila yeye kula. Wateja wawili waliingia na nyuso za msiba, wakatukuta tumelizunguka jeneza tukitazama kompyuta, wakatoa pole. Tukazipokea.

Saa tisa na nusu programu ilitoa mstari mmoja wa kijani. Alinisomea: sehemu ya Linux, inapoanzia, inapoishia. Aliuliza kama nataka airudishe kwenye orodha, maana jambo la namna hiyo hulifanyi bila mwenye mali kukubali. Nikakubali. Kisha akamrudisha bawabu mlangoni, kazi ya dakika chache tu, amri tatu alizoziandika bila kutazama popote. Akaizima mashine, akaiwasha. Ile orodha fupi ikatokea: huku Linux, kule Windows.

Akainuka, akageuka kutazama barabara, akanipa mgongo.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi nimezoea kutosoma mafaili ya watu."

Nikaingia upande wa mume wangu kwa mara ya kwanza. Nyimbo zilikuwepo, arobaini na tatu, zimepangwa kwa mwaka. Palikuwa pia na mchezo wa karata aliouacha katikati, na barua ya kuilalamikia kampuni ya maji ambayo haikumalizwa, na orodha ya mambo ya kufanya nyumbani. La kwanza lilikuwa kurekebisha mlango wa jikoni. Alikuwa ameweka alama kwamba amelifanya. Hakulifanya. Nilicheka pale kwa seremala mpaka Karani akageuka kuona kumetokea nini.

Nilimwachia mashine usiku mmoja atoe nakala za nyimbo, na misa ya kumbukumbu ikawa Jumapili. Karani alikuja, tai nyeusi, akaketi benchi la nyuma kabisa kanisani kwetu, mahali ambapo kwa imani yake hakupaswa kuwa siku ile. Kwaya iliimba nyimbo nne. Baada ya chakula alinivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wimbo wa pili, ubeti wa tatu, sauti ya besi hawakuimba kama ilivyoandikwa. Nikamuuliza amejuaje, yeye asiyesoma mafaili ya watu.

"Ili kuthibitisha kwamba faili ni zima," alisema baada ya kufikiri, "lazima ulifungue. Hiyo siyo kusoma."

"Ulithibitisha mangapi, Mzee?"

"Arobaini na tatu."

Msidhani alikuwa mtu wa kufuata alichofundisha. Kila aliyetoka kwake aliambiwa aweke nakala mahali patatu: kwenye mashine, kwenye flashi, na nyumbani kwa mtu asiyekupenda sana, kwa kuwa huyo hatakuja kukurudishia kila siku. Yeye mwenyewe alikuwa akiandika kumbukumbu zake za mahakamani kwa miaka sita. Diski ilipoharibika, ikagundulika kwamba zilikuwa mahali pamoja. Safari hiyo haikuwa sehemu iliyofutwa. Ilikuwa chuma chenyewe kimekwaruzika, na hakuna programu inayosikilizwa na chuma. Alijaribu siku nne. Niliandaa maneno ya kumfariji, nikavuka lango. Aliniambia zilikuwa na kujisifu kwingi na kwamba mahakimu wengine bado wako hai. Lakini wiki ile alionekana uani bila tai, na hakuna jirani aliyethubutu kuuliza.

Mwaka juzi nilihamishiwa shule moja upande wa Homa Bay. Wakati huo Karani alikuwa amesharudi nyumbani kwake Rangwe, huko huko Homa Bay, kwa amri ya binti yake, muuguzi, aliyeona baba yake amekuwa mzee mno kuishi peke yake na nyaya. Nilipitia kumsalimu Jumapili moja mchana. Nilimkuta amepungua mwili, ameketi kwenye veranda mbele ya kompyuta mpya nyembamba, na binti yake akanipokea kwa ahueni ambayo haikuwa ya kawaida. Alininong'oneza kwamba kompyuta ni yake. Baba aliahidi kumwekea mlango wa pili kwa siku moja, na sasa ni siku ya tisa. Kesho yake asubuhi alikuwa akienda kwenye mafunzo ya kazi na aliihitaji, lakini hakujua jinsi ya kuiomba bila kumvunja mzee moyo.

Nikaketi. Karani alinieleza kesi yote, hatua kwa hatua. Flashi yake ilikuwa nzima; aliijaribu kwenye mashine nyingine. Lakini mashine hii mpya kila ikiiona iliikataa, ikaandika kwamba haiitambui, ikarudi Windows. Alisema mambo siku hizi yamebadilika. Alisema pengine wakati wake umepita. Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kioo, lakini hakunitazama.

Shida ni kwamba mimi nilijua jibu. Shuleni tulikuwa tumeletewa kompyuta kama hizo, na mwalimu kijana wa kompyuta alinionyesha mara moja, kwa sekunde chache, huku akitafuna njugu. Mashine mpya huja na ulinzi uliowashwa kiwandani, na ulinzi huo hukataa mfumo wa zamani usio na muhuri wake. Unaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, unauzima, basi. Flashi ya Karani ilikuwa ya toleo la kale, alilolipenda kwa sababu alilizoea.

Nilimwomba anionyeshe hiyo mipangilio. Akaifungua. Nikapitisha kidole polepole mpaka kwenye ule mstari.

"Mzee, hii Secure Boot ni nini?"

"Ni usalama. Niliisoma siku ya kwanza. Imewashwa, na iko sawa. Mtu hazimi usalama."

"Inalinda dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mtu anayetaka kuingiza mfumo mwingine kwa mashine..."

Nilingoja. Kuku alipita verandani, akapita tena.

"Na hapa nyumbani," nikauliza, "ni nani anataka kuingiza mfumo mwingine?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa.

"Ni mimi," akasema.

Akauzima. Mashine ikalala, ikaamka, ikaipokea flashi bila neno. Kufikia saa kumi milango yote miwili ilikuwa inafunguka, na alikuwa ameujaribu kila mmoja mara tatu. Binti yake alitoka jikoni na sinia ya chai, akaona ile orodha kwenye kioo, akauliza tatizo lilikuwa nini. Baba yake akamwambia kwamba kwa siku tisa kompyuta ilikuwa ikimlinda dhidi ya babake.

Binti akainama kumkabidhi baba yake kikombe cha kwanza, kama inavyostahili, maana yeye ndiye mwenye boma na ndiye mkubwa. Karani hakukipokea.

"Anza na Mwalimu," akasema.

Binti akasita, akanitazama, akamtazama baba yake, akidhani hakusikia vizuri. Karani akarudia, sasa kwa Dholuo, lugha ya nyumbani kwao, taratibu, kama mtu anayetaka iandikwe. Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa, na mzee akangoja mpaka nilipomeza ndipo akanyoosha mkono kuchukua chake.